Dakika Saba kwa Mchoraji Asiye na Jina

Kuna aina moja ya kipindi cha televisheni ninayoipenda kuliko zote, na inaniuma kwamba siku hizi imekuwa adimu. Ni kipindi kinachokusanya katuni fupi za wachoraji ambao bado hawajulikani, kila katuni na mwenyewe, kila katuni na dunia yake, kisha zinarushwa hewani moja baada ya nyingine. Si shindano. Hakuna majaji wala mtu anayeagwa kila wiki. Katuni inaanza, inakwisha, jina la mchoraji linapita, na kabla hujakaa sawa inaingia nyingine isiyofanana nayo hata chembe.

Katuni nyingi tulizokua nazo zilitoka huko, na wengi wetu tulizitazama miaka yote bila kujua. Dexter na maabara yake ya siri, Johnny Bravo na kifua chake, Cow na Chicken, wale wasichana watatu wa The Powerpuff Girls, Courage yule mbwa mwoga: wote hao walijitokeza kwenye televisheni kwa mara ya kwanza ndani ya kipindi kimoja, What a Cartoon!, kilichoanza kurushwa na Cartoon Network, stesheni ya katuni ya Marekani, mwezi Februari 1995. Kila mmoja alipewa dakika saba. Hakuna aliyeahidiwa kitu zaidi ya hapo.

Aliyekianzisha hakuwa mchoraji. Fred Seibert alitokea kwenye televisheni ya muziki, akiwa miongoni mwa watu walioijenga MTV tangu mwanzo wake, na mwaka 1992 akakabidhiwa uongozi wa studio ya Hanna-Barbera. Studio hiyo ilikuwa na historia nzito. William Hanna na Joseph Barbera, kabla ya kuwa na kampuni yao, walikuwa wameajiriwa na studio ya sinema ya MGM, na huko walitengeneza filamu fupi 114 za Tom na Jerry, saba kati yake zikashinda Oscar. Zilikuwa filamu za kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya filamu kubwa. MGM ilipofunga idara yake ya katuni mwaka 1957, wawili hao wakahamia televisheni, ambako fedha ni kidogo na muda ni mfinyu. Wakajifunza kubana: mhusika anasimama tuli, mdomo tu ndio unaocheza, na mandhari ileile inapita nyuma yake tena na tena. Kwa njia hiyo dunia ilipata Flintstones, Yogi Bear na Scooby-Doo, na siwabezi hata kidogo. Lakini miaka ya 1980 ilipofika, katuni nyingi za televisheni ya Marekani zilikuwa zinabuniwa pamoja na midoli ya kuuzia watoto, na mchoraji akawa mtu wa kutekeleza mawazo ya watu wa mauzo.

Seibert alirudi nyuma hadi kwenye zile filamu fupi za sinema na kuuliza zilitengenezwaje. Zilikuwa za dakika sita, saba, nane. Kila moja ilijitegemea. Mhusika aliyependwa aliitwa tena, asiyependwa akaachwa, na hakuna studio iliyoanguka kwa sababu ya filamu moja mbovu. Basi badala ya kuweka fedha zote kwenye vipindi viwili vitatu vikubwa na kuomba Mungu, akaamua studio itengeneze filamu fupi 48.

Sharti lililobadilisha kila kitu lilikuwa hili: mchoraji aje na picha, asije na maandishi. Kwa desturi ya televisheni, wazo la kipindi huandikwa kwanza, likapita mikononi mwa watu wa ofisini, likajadiliwa, likarekebishwa, na mchoraji anaitwa mwishoni kabisa ili avalishe maneno hayo sura. Hapa mchoraji alitakiwa kubandika michoro yake ukutani, fremu kwa fremu, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, kisha kusimama mbele ya wenye kuamua na kuisimulia hadithi nzima kwa mdomo wake. Anaigiza sauti zote. Anapiga mlio wa mlango, anaanguka, anapumua kama anayekimbizwa. Kama chumba hakicheki kwenye mchoro ambao alitegemea kicheko, analiona hilo palepale na kila aliyemo analiona.

Mimi naona siri yote ya vipindi hivi imo humo. Katuni ni kazi ya macho na ya wakati. Kichekesho cha katuni mara nyingi hakiandikiki, kwa sababu kinakaa kwenye sekunde ile mhusika anapobaki angani kabla ya kuanguka, au kwenye namna jicho moja linavyopepesa kabla ya jingine. Ukikiandika kwenye karatasi kinasomeka kama si kitu. Mtu wa ofisini anakikata, na ana haki ya kukikata, maana hakioni. Mchoraji akikionyesha, kinajitetea chenyewe.

Halafu kuna suala la dakika saba zenyewe, ambalo watu hulichukulia kirahisi. Filamu inakwenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Katuni ya mkono kwa kawaida hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja inahitaji michoro 12. Dakika saba ni sekunde 420. Piga hesabu: michoro 5,040, na hapo tumemhesabu mhusika mmoja tu asiyepumzika. Akiingia wa pili, hesabu inakua. Mwaka 1995 michoro hiyo bado ilihamishiwa kwenye karatasi angavu za plastiki, ikapakwa rangi upande wa nyuma na kupigwa picha mojamoja juu ya mandhari. Sauti za waigizaji zilikuwa zimesharekodiwa mapema, ili mdomo uchorwe kuifuata sauti. Kijana aliyemaliza chuo juzi hawezi kufanya hayo peke yake chumbani kwake, au akiweza atatumia miaka. Kipindi cha namna hii kinampa watu wa kuchora michoro ya katikati inayounganisha mkao na mkao, watu wa rangi, waigizaji, mwanamuziki, na mzee mmoja au wawili waliokwisha kuifanya kazi hii maisha yao yote na wanaoweza kumwambia, hapa umechelewa fremu nne.

Wazee walikuwepo kweli. Hanna na Barbera, wakiwa na umri wa zaidi ya miaka themanini, kila mmoja alitengeneza filamu zake ndani ya mpango huohuo. Napenda kuwaza orodha hiyo: waasisi wa studio wamepangwa sawa na vijana ambao walikuwa hawajazaliwa wakati Tom anaanza kumfukuza Jerry.

Miongoni mwa vijana hao alikuwa Genndy Tartakovsky, aliyezaliwa Moscow na kuhamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto, na mwenzake wa chuo Craig McCracken. Wote wawili walikuja na wahusika waliowachora wakiwa wanafunzi California Institute of the Arts. Filamu ya kwanza ya Dexter inaitwa Changes, na naisihi kila mwenye hamu ya kuchora aitafute. Hadithi yake ni nyepesi kabisa: Dexter amebuni kifaa kidogo, ukimwelekezea mtu anageuka mnyama. Dada yake Dee Dee anakipata. Basi. Kaka na dada wanageuzana wanyama nyumba nzima. Lakini tazama maumbo. Dexter ni boksi fupi lenye miwani na mistari minene myeusi, Dee Dee ni miguu mirefu yenye vifundo viwili vya nywele juu, na kutembea kwao kunakwambia tabia zao kabla hawajafungua mdomo. Huyu anatembea kama mtu mwenye ratiba, yule anarukaruka kama asiye na mifupa. Mchoraji hakuwa na fedha za kuchora mwendo mwororo kama wa sinema, kwa hiyo alichagua mikao michache yenye nguvu na kuruka haraka toka mkao mmoja hadi mwingine. Ule ubanaji wa Hanna-Barbera wa zamani, uliozaliwa na uhaba, umegeuka mtindo.

Watazamaji waliombwa kupigia kura filamu walizozipenda, kwa simu na kwenye intaneti, na Dexter akawa wa kwanza kupewa mfululizo wake, Aprili 1996. Johnny Bravo wa Van Partible na Cow and Chicken ya David Feiss wakafuata mwaka 1997, wasichana wa McCracken 1998, Courage 1999.

Huyo Courage ana kisa cha peke yake. John R. Dilworth alikuwa na studio yake ndogo New York, mbali na vijana wa California, na filamu aliyoileta, The Chicken from Outer Space, ni ya ajabu hata kwa kipimo cha leo. Kuku kutoka sayari nyingine anatua kwenye nyumba ya wazee wawili iliyo peke yake nyikani. Mbwa wao ndiye pekee aliyemwona, na hana maneno ya kuwaeleza. Filamu karibu yote ni mbwa anayejaribu kusema kwa mwili wake kitu ambacho hakuna atakayemsadiki. Inatisha na inachekesha kwa pamoja, na mtoto anaielewa kabisa, kwa sababu kila mtoto amewahi kuona kitu ambacho wakubwa hawakukiona. Mwaka 1996 filamu hiyo ilishindania Oscar ya filamu fupi ya katuni. Ilishindwa na Nick Park wa Uingereza na A Close Shave yake, na hilo si jambo la kuonea aibu. Nani angeikubali filamu ile kama ingekuja kwa maandishi, ikiwa ukurasa mmoja juu ya meza?

Sasa nifike kwenye lile ninalotaka hasa kulisema. Kila makala inayosimulia habari hizi huhesabu washindi, kama nilivyofanya na mimi hapo juu, halafu inapita. Filamu 48 zilitoa mifululizo isiyofika kumi. Zilizobaki, nyingi sana, zilirushwa, zikaisha, zikanyamaza. Bata, paka, panya wa jikoni, mbwa mwitu wa kutia ufunguo. Nimezitafuta na kuzitazama kadiri nilivyoweza kuzipata, na baadhi hazikunichekesha hata mara moja. Lakini bila hizo hakuna Dexter. Hakuna mtu aliyekuwa na njia ya kujua mapema ni ipi itakayoshika, na aliyekuambia angejua anakudanganya. Njia pekee ya kuwapata watano ilikuwa kuwalipa watu wengi wafanye kazi yao hadi mwisho, na kazi zote zionekane.

Na zionekane na watazamaji, hapo ndipo ninaposimama. Stesheni zote za katuni hutengeneza vipindi vya majaribio. Tofauti ni kwamba vingi hufungiwa kabatini: viongozi wanatazama, watoto wachache wanaitwa kwenye chumba cha utafiti, kisha uamuzi unatoka na mchoraji hasikii tena. Katuni iliyorushwa hewani haiwezi kufungiwa hivyo. Hata ikikataliwa na stesheni, imeshakuwa filamu kamili, ina mwanzo na mwisho, ina watu walioipenda. Mwaka 1997 Seth MacFarlane alipata dakika zake saba katika kipindi hichohicho kwa filamu ya mtu mpumbavu na mbwa wake mwenye akili, Larry & Steve. Haikupewa mfululizo hapo. Miaka miwili baadaye stesheni ya Fox ikaanza kurusha Family Guy, na yeyote aliyeiona ile filamu fupi anamtambua mbwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Pendleton Ward. Seibert alikuwa amehamia upande wa Nickelodeon, stesheni nyingine ya watoto, na kuanzisha huko Oh Yeah! Cartoons mwaka 1998, ambako Butch Hartman alileta The Fairly OddParents, na baadaye akafuatisha Random! Cartoons. Ward alileta filamu ya mvulana mwenye kofia ya masikio na mbwa anayejinyoosha kama mpira. Nickelodeon haikuitaka. Lakini filamu ilikuwepo, imekamilika, ikasambaa kwenye intaneti watu wakitumiana, na Cartoon Network wakaichukua. Adventure Time ilianza Aprili 2010 na kuendelea hadi 2018. Ndani yake alikuwemo mchoraji wa michoro ya hadithi aitwaye Rebecca Sugar, ambaye mwaka 2013 alipata kipindi chake mwenyewe, Steven Universe. Hesabu vizazi hapo: filamu moja fupi iliyokataliwa, na chini yake kuna kazi za watu kadhaa.

Kumtaja Sugar kunanilazimisha kusema jingine. Katika orodha ya zile filamu 48 majina ya wanawake ni haba mno. Kipindi kinachojitangaza kuwa mlango wa wapya kilikuwa mlango wa wapya wa namna moja, wengi wametoka vyuo vilevile na kufahamiana. Naipenda historia hii, na kwa sababu naipenda sitaki irudiwe na kasoro hiyo.

Kasoro ya pili ni ya umiliki. Mchoraji anapopewa watu, fedha na muda wa hewani, kwa kawaida anasaini kumwachia mhusika wake kampuni inayolipa. Mwaka 2016 The Powerpuff Girls walirudi kwa sura mpya bila McCracken kuwa kwenye usukani na bila waigizaji wa mwanzo wa sauti za wasichana hao watatu. Wasichana aliowachora akiwa mwanafunzi waliendelea kuishi bila yeye. Ni halali kisheria. Hata hivyo kijana wa miaka ishirini na mbili anayewekewa mkataba mbele yake anastahili kuambiwa hilo kwa lugha anayoielewa, kabla ya kalamu.

Uingereza walijaribu njia nyingine ambayo ninaipenda kwa sababu tofauti kabisa. Miaka ya 1990 Channel 4 ilishirikiana na Museum of the Moving Image, makumbusho ya sinema yaliyokuwa London, kuwapa vijana waliomaliza vyuo nafasi ya kuandaa filamu zao ndani ya chumba cha vioo katikati ya makumbusho. Wageni walipita, watoto wakabandika pua kwenye kioo, na mchoraji alikuwa pale ameinama juu ya meza yake ya taa, karatasi juu ya karatasi. Wazo likiiva, stesheni ilimlipa alimalize na kulirusha. Sijui kama mimi ningeweza kuchora huku natazamwa hivyo. Ila mtoto aliyesimama pale dakika kumi na kuona mkono ukisogea kidogo tu huku mchoro ukibadilika, aliondoka anajua kwamba katuni hufanywa na mtu.

Mtu ataniuliza: kuna haja gani ya televisheni sasa, kila mtu si ana intaneti? Ni kweli mchoraji wa leo anaweza kupandisha kazi yake usiku na kuamka ina watazamaji nchi kumi. Programu za kuchorea ni nyingi na baadhi ni za bure. Lakini intaneti inampa uwanja na kumwacha peke yake humo. Haimpi mwanamuziki, wala yule mzee wa fremu nne, wala mshahara wa miezi ambayo kazi inatengenezwa. Inapenda anayetoa kitu kila wiki, na katuni nzuri haitoki kila wiki. Pia inakupangia unachokipenda tayari. Uzuri wa kipindi cha mchanganyiko ni kwamba unakaa kumsubiri Dexter na unalazimika kwanza kupita kwa kuku wa sayari nyingine ambaye usingemchagua hata siku moja.

Cartoon Network yenyewe ilijaribu tena mwaka 2008. McCracken na Rob Renzetti, waliopata nafasi zao kwenye What a Cartoon!, wakapewa kusimamia mpango mpya ulioitwa The Cartoonstitute. Walikuwa wamegeuka wao wale wazee. Mpango ulikatishwa kabla haujakamilika na haukuwahi kuwa kipindi cha hewani kama ulivyokusudiwa, ila filamu chache zilizomalizika zilitosha: moja ilikuwa ya J.G. Quintel, ikazaa Regular Show.

Na mwaka 2023 likatokea jambo lililonipa moyo. Studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini ilisimamia Kizazi Moto: Generation Fire, filamu fupi kumi za wasanii wa nchi mbalimbali za Afrika, zikatolewa na Disney+. Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji wa Spider-Man: Into the Spider-Verse, alikuwa mtayarishaji mkuu. Si televisheni kwa maana ya zamani, lakini umbo ni lilelile: kila filamu na mkono wake, zimekaa pamoja, na ukimaliza moja inakuja isiyofanana nayo. Herderboy ya Raymond Malinga inawapeleka wachungaji na ng'ombe wao kwenye dunia ya baadaye. Enkai ya Ng'endo Mukii, hadithi ya binti na mama yake mwenye kuumba, ina umbile la vitu vilivyoshikwa kwa vidole, na haifanani na filamu nyingine yoyote kati ya zile kumi. Kama huna muda wa kuzitazama zote, anza na hiyo ya Mukii, na majina yanapopita mwishoni usizime, yasome.